Tahadhari Si Mbiu: Uhakiki wa Istilahi katika Ripoti ya Mwanafunzi wa Kompyuta

1. Utangulizi

Makusudio ya makala haya ni kuhakiki istilahi zilizotumika katika ripoti moja ya ufundi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta. Ripoti hiyo ililetwa kwetu na mwalimu wake, akiomba istilahi zikaguliwe kabla nakala haijawekwa katika maktaba ya chuo. Kwa desturi kazi ya namna hiyo humalizika kwa barua fupi na orodha ya masahihisho. Safari hii imeonekana yafaa matokeo yatolewe hadharani, kwa kuwa kasoro kubwa ya ripoti hiyo si ya mwandishi wake peke yake. Ni kasoro tunayoifanya sote tuliokabidhiwa kazi ya kutafuta maneno: wafasiri, walimu, na sisi tuandaao orodha za istilahi. Aidha, katika ripoti hii kasoro hiyo imeleta hasara ya kweli, ambayo mwandishi mwenyewe ameieleza bila kuficha.

2. Maudhui ya ripoti

Seva ni kompyuta inayotoa huduma kwa kompyuta nyingine. Huhifadhi kumbukumbu, hugawa barua pepe, hupokea alama za mitihani na kuzitoa zinapotakiwa. Kwa kuwa watu wengi huitegemea kwa wakati mmoja, si vyema kungoja mpaka mtu alalamike ndipo ijulikane kwamba imezimika. Kwa hiyo mafundi huweka programu ya kuiangalia mchana na usiku. Mwanafunzi wetu alitumia Nagios, programu iliyotolewa na Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ikapewa jina lake la sasa mwaka 2002. Kila baada ya muda uliopangwa programu hiyo huuliza maswali machache: Je, seva inajibu? Diski imejaa kiasi gani? Joto la chumba ni nyuzi ngapi? Kila jibu huwekwa katika moja ya hali nne, ambazo kwa ndani huandikwa kwa tarakimu. Tarakimu 0 maana yake mambo ni salama. 1, kwamba kizingiti cha kwanza kimevukwa. 2, kwamba kizingiti cha pili kimevukwa, na jambo limeharibika au linaharibika. 3, kwamba programu imeuliza na kushindwa kupata jibu la kueleweka.

Hali inapobadilika, habari hupelekwa kwa watu wanaohusika. Mwanafunzi alichagua kuipitisha katika Telegram, ambayo tangu mwaka 2015 imeruhusu programu ndogo ziingie katika mazungumzo ya watu kana kwamba nazo ni washiriki. Aliunda programu moja ya namna hiyo, akaitia katika kundi la watu watano: mafundi watatu, yeye mwenyewe, na mzee mlinzi wa usiku, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha seva baada ya saa za kazi. Kwa ajili ya mzee huyo, asiyesoma Kiingereza, ujumbe wote uliandikwa kwa Kiswahili.

Kabla ya kutoa lawama yafaa kutoa sifa. Wapo wasomi wengi waliosema kwa miaka mingi kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba ufundi wa kompyuta, na ambao hawajapata kuandika ukurasa mmoja ili kulithibitisha neno hilo. Kijana huyu ameandika kurasa 46, na sehemu kubwa yake inasomeka bila taabu. Neno lake kizingiti, kwa kiwango ambacho kikivukwa hali hubadilika, ni zuri sana: kila msomaji anajua kizingiti cha mlango, na anajua kwamba aliye upande huu na aliye upande ule hawako mahali pamoja. Kadhalika hakubabaika katika kumtaja mtu anayepaswa kuitikia wito kwa usiku fulani. Alimwita mwenye zamu. Mfasiri mwingine angeunda fungu la maneno manne hapo, ilhali neno lilikuwapo tangu zamani katika vyombo, hospitali na vituo vya polisi.

3. Usiku wa tukio

Katika sura ya nne mwandishi anasimulia yaliyotokea wiki ya tatu ya majaribio. Saa tano usiku kiyoyozi cha chumba cha seva kilizimika. Seva zenyewe hazikuzimika. Ziliendelea na kazi, na joto likapanda. Programu ya uangalizi iliona, na roboti ikafikisha habari bila kuchelewa. Ujumbe wa kwanza ulifika joto lilipokuwa nyuzi 29, wa pili nyuzi 34, wa tatu nyuzi 41. Kila mmoja ulianza kwa neno lile lile: Tahadhari. Mafundi walikuwa wamelala na simu zao zimenyamazishwa. Mzee mlinzi alikuwa macho, simu mkononi, akausoma kila ujumbe ulipoingia. Hakufungua mlango. Alfajiri seva kubwa ilijizima yenyewe kwa joto, na ilipowashwa diski moja haikuamka tena. Alama za majaribio ya siku mbili, ambazo zilikuwa hazijanakiliwa kwingine, zilipotea, na walimu wakalazimika kuziingiza upya kutoka katika karatasi.

Asubuhi yake mwanafunzi alimwendea mzee, akamwamkia, kisha akamwuliza kwa nini hakuchukua hatua. Jibu lake limeandikwa katika ripoti kama alivyolitoa: “Mwanangu, mliniambia nitahadhari, nami nikatahadhari. Nimekaa macho usiku kucha, nimezunguka uzio mara nne. Nani aliniambia nifungue mlango?”

Mwandishi anahitimisha kwamba mlinzi anahitaji mafunzo zaidi. Hapo ndipo tunapoachana naye. Kwa maoni yetu mzee yule alikielewa Kiswahili barabara, na alitenda hasa lile ambalo neno lilimwamuru. Kilichohitaji mafunzo ni ujumbe.

4. Tahadhari na mbiu

Tuliangalie neno lenyewe. Tahadhari, pamoja na ndugu zake hadhari na kujihadhari, lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limekaa na maana yake ya kujiangalia mapema ili usifikwe na baya. Wazee wamelifungia maana hiyo katika msemo ambao hakuna asiyeujua: tahadhari kabla ya hatari. Neno kabla ndilo linalobeba uzito. Mtu hutahadhari wakati hatari ingali mbali. Ikishaingia ndani hatahadhari tena, bali hukimbia, hupigana, au huita watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inalitumia neno hili ipasavyo inapotangaza ngazi zake za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa sababu hapo mvua haijanyesha na upepo haujavuma. Wavuvi wana nafasi ya kuvuta vyombo vyao pwani.

Sasa joto la nyuzi 29 katika chumba kinachopaswa kuwa na nyuzi 22 ni jambo la kutahadhari. Joto la nyuzi 41 si la kutahadhari hata kidogo. Ni jambo la kufungua mlango. Kwa kuyaita yote mawili kwa jina moja, ujumbe ulimnyima msomaji wake kitu pekee alichokihitaji, yaani kujua kama anaambiwa ajiangalie au ainuke.

Mafundi wenyewe hawakuyachanganya mambo haya katika lugha yao. Upo utaratibu wa kuandika matukio ya kompyuta ambao Eric Allman aliuanzisha Marekani katika miaka ya 1980, na ambao kanuni zake zilisanifiwa upya mwaka 2009. Utaratibu huo una ngazi 8 za uzito, kuanzia 0 hadi 7, na tarakimu ndogo ndiyo yenye uzito mkubwa. Ngazi ya 0 ni mfumo kutofaa kutumika kabisa. Ngazi ya 1 imefafanuliwa kwa maneno yasiyoacha shaka: hatua lazima ichukuliwe mara moja. Ngazi ya 4 ni onyo kwamba mambo huenda yakaharibika. Ngazi ya 5 ni jambo la kawaida lakini linalostahili kujulikana. Ukifungua jedwali la istilahi mwishoni mwa ripoti ya mwanafunzi utaona kwamba ngazi ya 1, ya 4 na ya 5 zote zimeandikiwa neno moja, tahadhari. Mtu aliyeambiwa “lazima mara moja”, mtu aliyeambiwa “huenda”, na mtu aliyeambiwa “basi ujue tu”, wote wamepewa barua moja.

Kosa hili limetoka wapi? Mwanafunzi anasema alilichukua neno hilo katika orodha ya istilahi aliyoipata maktabani, na hatuna sababu ya kutomwamini. Orodha nyingi zilizomo mikononi mwa walimu zimepangwa kwa namna ambayo neno la kigeni liko kushoto na la Kiswahili liko kulia, pasipo fasili. Mwandaaji hulishughulikia kila neno la kushoto peke yake, siku tofauti, na katika kila siku hiyo tahadhari huonekana kuwa jibu jema. Hakuna anayegeuza orodha na kuisoma kutoka kulia, ambako angekuta neno moja limebebeshwa mizigo mitatu. Nami nikiri kwamba niliwahi kuipitisha rasimu ya namna hiyo bila kuigeuza. Kwa hiyo lawama ya seva ile, kwa sehemu yake, naipokea.

Neno lipi basi litumike pale ambapo hatua inatakiwa papo hapo? Tuliyapima matatu. La kwanza ni king'ora. Hili linafaa kwa chombo kitoacho mlio, lakini si kwa ujumbe ulioandikwa. La pili ni kamsa, ambalo wenzetu wa Kenya hulitumia sana katika habari za wizi na moto. Ni neno zuri lenye nguvu. Walakini katika matumizi hayo, mwenye kupiga kamsa mara nyingi ni mtu aliyefikwa na jambo, au jirani yake; ni kilio cha kuomba msaada kwa yeyote atakayesikia. La tatu ni mbiu. Mbiu ni pembe ya mnyama iliyopulizwa na mtu aliyepewa kazi hiyo, kuwaita watu wanaojulikana, kwa ajili ya jambo linalowahusu. Na hapa pia wazee wametuachia fasili iliyo kamili kuliko zile tunazoandika ofisini: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Asikiaye mbiu hajiulizi kama ajihadhari. Hutoka.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba neno limechakaa, kwani pembe haipulizwi tena mijini. Jibu letu ni kwamba neno liko hai katika kaulimbiu, ambayo kila mtumishi wa serikali huitamka katika kila wiki ya maadhimisho, na katika usemi wa kupiga mbiu. La pili lina uzito zaidi: kwamba mbiu ikipulizwa kila saa, watu wataacha kutoka. Pingamizi hili ni la kweli, nalo ndilo linalotufanya tulichague neno hili. Katika ripoti, roboti ilileta wastani wa ujumbe 40 kwa usiku mmoja, na kila mmoja uliitwa tahadhari. Mzee alikwisha kuyazoea kabla ya usiku wa tukio. Kwa kuwa methali inadai mbiu iwe na jambo, fundi anayetaka kuandika neno hilo juu ya ujumbe wake atalazimika kujiuliza kwanza kama jambo lipo. Istilahi njema humbana mtumiaji namna hiyo. Tahadhari haikumbana mtu yeyote, kwa sababu kutahadhari hakuna mwisho.

Kwa ujumbe wa kawaida usiodai hatua, yaani ngazi ya 5 na zilizo chini yake, litoshe neno arifa, ambalo watumiaji wa simu wamekwisha kulizoea. Arifa ni jina la ujumla la kila habari ipelekwayo. Tahadhari ni arifa ya jambo linalokaribia. Mbiu ni arifa inayodai mtu ainuke.

5. Sogozi, boti na tarishi

Katika jalada la ripoti, programu iliyotumwa kupeleka habari inaitwa roboti sogozi. Ndani ya ripoti inafupishwa kuwa boti. Majina yote mawili yana kasoro.

Tuanze na boti. Msomaji wa pwani na wa maziwa anajua boti ni chombo cha majini. Katika ukurasa wa 19 kuna sentensi isemayo, “Boti ilizama kimya kwa saa mbili na hakuna aliyejua.” Mwandishi alikusudia kwamba programu ilikoma kupeleka ujumbe. Mlinzi wa bandari angeita waokoaji. Kufupisha neno ni haki ya kila lugha, lakini ufupisho unaoangukia juu ya neno lililo hai, katika nchi ambayo watu husafiri kwa boti kila siku, hauwezi kutetewa. Roboti ni neno fupi lenyewe, nalo halihitaji kukatwa kichwa.

Sogozi lina mantiki yake, kwa kuwa limefuata mfano wa kundi sogozi, ambalo limeenea vyema. Lakini kusogoa ni kuzungumza kwa kujifurahisha, kupitisha wakati. Programu inayoleta habari za diski iliyojaa saa nane usiku haisogoi na mtu. Hapa inafaa kutofautisha aina mbili ambazo jina la kigeni limezichanganya. Ipo roboti ambayo kazi yake ni kujibizana na watu. Ya mwanzo kujulikana sana ilikuwa ELIZA, ambayo Joseph Weizenbaum aliitangaza mwaka 1966 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Iliigiza tabibu wa maradhi ya nafsi kwa kuyageuza maneno ya mgonjwa kuwa maswali. Hiyo yafaa kuitwa roboti ya mazungumzo. Na ipo roboti, kama hii ya mwanafunzi, ambayo inakaa katika mazungumzo lakini haizungumzi. Inapokea habari upande mmoja na kuifikisha upande wa pili. Kwa mujibu wa kanuni za Telegram haiwezi hata kumwanza mtu mazungumzo; ni lazima mtu aianze yeye, au aitie katika kundi. Kila ofisi ya serikali inamjua mtu wa kazi hiyo. Ni tarishi. Hubeba jalada kutoka chumba hiki hadi kile, wala hatarajiwi kuamua lililomo ndani. Tunapendekeza roboti tarishi.

Jambo hili lina upande wa sarufi. Mwandishi anaandika roboti ameona, roboti ameamua, roboti amesahau. Upatanisho huo wa viumbe hai unaonekana mdogo, lakini unahamisha dhamana. Weizenbaum mwenyewe alishtushwa na jinsi watu walivyoifungulia mioyo yao programu aliyojua haina moyo. Neno roboti lenyewe lilitoka katika tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920, na katika Kicheki asili yake ni kazi ya shokoa. Roboti wa tamthilia ile wana umbo la watu, na mwandishi wa hadithi ana ruhusa ya kuwapa upatanisho wa watu. Katika ripoti ya ufundi tuseme roboti imeleta, roboti imekwama. Aliyeamua kizingiti kiwe nyuzi 29 ni mtu, na sarufi isimfiche.

6. Usimamizi, uangalizi na ufunguo

Kwa kazi nzima ya kuichunguza seva mchana na usiku, ripoti inatumia usimamizi. Neno hili halifai. Watumishi wa serikali watakumbuka tofauti iliyopo wakati wa uchaguzi: msimamizi wa uchaguzi ndiye anayeuendesha na kutangaza matokeo, ilhali mwangalizi hutazama, huandika aliyoyaona, wala hagusi sanduku. Programu ya Nagios, kama ilivyotumiwa na mwanafunzi, ilitazama tu. Chuo kilidhani seva ina msimamizi wa usiku, kumbe ilikuwa na mwangalizi. Tunapendekeza uangalizi wa seva, na usimamizi ubaki kwa mtu. Neno ufuatiliaji nalo lina nafasi yake, pale takwimu za miezi mingi zinapochunguzwa ili kuona mwelekeo. Lakini kwa kukesha juu ya jambo lisiharibike, uangalizi ni bora.

Kosa jingine ni dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara. Roboti inapoundwa, muundaji hupewa mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi, ambao yeyote aliye nao anaweza kutuma ujumbe kwa jina la roboti hiyo. Mwanafunzi aliuita kitambulisho, kisha, kwa kuufuata mwenendo wa neno hilo, akauchapa wote katika kiambatisho cha ripoti. Nani atamlaumu? Kitambulisho ni kitu cha kuonyeshwa. Tuliuondoa ukurasa huo na kumshauri mwandishi aubatilishe mfuatano ule na kuchukua mwingine. Jina lake lingekuwa ufunguo wa siri, asingeuchapa. Hakuna anayebandika ufunguo wa nyumba yake ukutani.

7. Upatanisho wa ngeli na hesabu ya saa

Kasoro mbili za mwisho si za istilahi hasa, lakini wafasiri watakutana nazo kila siku.

Ujumbe wa roboti haukuandikwa mmoja mmoja. Uliandikwa kwa kigezo chenye pengo: jina la kitu, kisha neno imezimika. Kwa seva na diski kigezo kilisema kweli. Kwa kiyoyozi kikasema kiyoyozi imezimika, na kwa mtandao, mtandao imezimika. Katika lugha isiyo na ngeli pengo la namna hiyo hujazwa na jina lolote. Katika Kiswahili jina likibadilika kitenzi lazima kibadilike nalo. Dawa ni mbili. Ama fundi aandike sentensi kamili kwa kila kitu, kazi isiyo kubwa kwa vitu ishirini. Ama aache sentensi na kutumia vichwa: Kitu: kiyoyozi. Hali: hatari. Mahali: chumba cha seva. Njia ya pili ina faida ya kuacha nafasi ya kichwa cha nne, ambacho ripoti haikuwa nacho kabisa: La kufanya.

Kuhusu saa, seva za chuo zilihesabu wakati kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3, na zikauandika kwa mtindo wa saa 24. Kiyoyozi kilichozimika saa tano usiku kiliripotiwa kuwa kimezimika 20:00. Mzee mlinzi, ambaye anahesabu saa kuanzia machweo na mapambazuko kama wafanyavyo wenye lugha yote, alipaswa kwanza kuongeza 3, kisha kuondoa 18, katikati ya usiku. Kutafsiri maneno na kuacha saa katika lugha nyingine ni kutafsiri nusu.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza haya kwa watakaoandika ujumbe wa namna hii, na kwa kamati zitakazosanifu istilahi zake. Uangalizi: kuchunguza hali ya seva bila kukoma. Kizingiti: kiwango ambacho kikivukwa hali hubadilika. Hali nne: salama, tahadhari, hatari, haijulikani. Hii ya nne mwandishi aliiita kosa, na wasomaji wake wakatafuta aliyekosea. Maana yake ni kwamba habari haikupatikana tu. Arifa: habari yoyote ipelekwayo. Mbiu: arifa inayodai hatua mara moja, ipulizwe katika hali ya hatari peke yake, au hali isiyojulikana inapodumu. Roboti tarishi: programu inayofikisha arifa katika mazungumzo ya watu. Ufunguo wa siri: mfuatano unaompa mtu mamlaka juu ya roboti. Mwenye zamu: anayepaswa kuitikia mbiu. Salamu ya zamu: arifa fupi ambayo roboti hutuma kila jioni kuthibitisha kwamba iko kazini, ili kimya chake kisidhaniwe kuwa ni usalama. Kwa hili la mwisho mwandishi alitafsiri mapigo ya moyo neno kwa neno, na mlinzi akauliza nani anaumwa.

Pia tunapendekeza kwamba kila orodha ya istilahi isomwe mara mbili kabla ya kupitishwa: mara moja kutoka kushoto, na mara moja kutoka kulia. Neno la Kiswahili likionekana zaidi ya mara moja upande wa kulia, mwandaaji aandike fasili ya kila mahali lilipo. Akishindwa kuzitofautisha fasili hizo, neno moja linatosha. Akiweza kuzitofautisha, anadaiwa neno jingine.

Tulimpelekea mwanafunzi mfano wa ujumbe uliosahihishwa, naye akaufanyia mtihani uliotuzidi akili: alimsomea mzee mlinzi. Ujumbe ulikuwa hivi: “Mbiu. Kitu: kiyoyozi cha chumba cha seva. Hali: hatari, joto nyuzi 41. Tangu: saa tano usiku. La kufanya: fungua mlango wa chumba, washa kiyoyozi, mpigie fundi wa zamu.” Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema amefahamu, kisha akauliza: “Na nikishafanya, mtajuaje kwamba nimefanya?” Hatukuwa tumelifikiria hilo. Programu yenyewe inayo nafasi ya mtu kujulisha kwamba amepokea na anashughulikia, lakini katika ripoti nafasi hiyo haikupewa hata jina. Tumeliongeza neno kuitikia, na mwisho wa kila mbiu sasa pameandikwa: “Itikia: andika Nimefika.”

Wasomaji wenye maoni tofauti juu ya mbiu na kamsa, hasa walioko Kenya na Visiwani, wanakaribishwa kuyaleta kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi.